Vidonge Kwenye Friji ya Selina

Jumapili, 9 Machi

Daktari Masele ameagiza tuandike kila siku kile mama mkwe anachokula na kile anachotapika. Akumu, mke wangu, akasema kazi hiyo niichukue mimi kwa kuwa ndimi ninayeshinda nyumbani. Ni kweli nashinda nyumbani. Natengeneza vyerehani hapa barazani kwangu Buhongwa, Mwanza, na mvua ikinyesha wateja hawaji, nabaki na mafuta mikononi nikitazama matope. Basi daktari nitampa yake kwenye karatasi. Haya ya hapa ni yangu, maana kuna mambo siyaelewi na sina wa kumuuliza bila kugombana.

Mama mkwe anaitwa Ajwang, mjane wa kando ya ziwa kule Rorya, Msabato wa kuzaliwa. Ana saratani ya titi. Yuko kwetu tangu Februari, analala chumba cha uani cha mwanetu Zadok aliye bweni, na kila baada ya wiki tatu tunampeleka hospitali kuwekewa dripu. Kabla ya hapo, miaka tisa ya ndoa yetu, hajawahi kukanyaga kwangu. Kila tulipomwalika kulikuwa na palizi, au ng'ombe alikuwa anakaribia kuzaa.

Sasa amekuja, na hataki chakula. Shida yetu yote ndiyo hiyo. Daktari kasema uzito ukishuka chini ya kilo arobaini hatamwekea dripu nyingine, mwili hautaihimili, na bila dripu ugonjwa utasambaa. Leo ana arobaini na tatu.

Jumatatu, 10 Machi

Uji, vijiko vitatu. Ugali haukuguswa. Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Mimi nina imani moja: mashine ikikata uzi, sababu ipo. Ama sindano, ama bobini, ama mwenye mashine. Kwa hiyo natafuta sababu.

Adabu tumezingatia. Akumu humpelekea mama chakula chumbani, mlango unafungwa, mimi nakaa mbele huku nikikohoa ili ajue niko mbali. Hata sisi Wasukuma tunajua mkwe hamkodolei macho mama mkwe akitafuna. Kwa hiyo si hilo.

Nadhani ni harufu ya mafuta ya cherehani. Dripu zile humfanya mtu achukie harufu, daktari alisema. Kesho nahamisha meza yangu chini ya mti wa jirani.

Alhamisi, 13 Machi

Nimehamisha. Nimelowa. Hajala.

Jumamosi, 15 Machi

Ametoka kanisani na Akumu. Akumu anasema baada ya ibada akina mama walipakua chakula, na mama yake alikula ugali na dagaa, kidogo kidogo lakini akala, na hakutapika. Nikafurahi, nikasema mafuta ya mashine ndiyo yalikuwa adui. Jioni Akumu akapika dagaa wale wale. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya dripu. Kabla ya dripu walimpa sindano ya kuzuia kutapika, na baadaye akakaa kwa mama lishe nje ya geti la hospitali akanywa supu ya samaki. Niliona kwa mbali, nikageuka upesi. Kilo arobaini na mbili.

Jumapili, 23 Machi

Siku tatu za kutapika. Vidonge vya kichefuchefu vya hospitali anameza, vingine vinarudi na maji yake. Nilimsikia usiku akimwomba Mungu msamaha na sikujua ni wa nini, mtu mwema vile.

Alhamisi, 27 Machi

Leo nimekosana na Akumu. Nilisema, kwa upole kabisa nilivyodhani, kwamba mama anakula kanisani, anakula kwa mama lishe, juzi kanywa kikombe kizima cha maziwa kwenye baraza la Selina jirani yetu, ila hapa kwetu hali. Nikauliza kama labda chumvi inazidi.

Kumbe nimeyakoroga mwenyewe. Akumu aliweka mwiko chini akasema, "Miaka tisa umekula chumvi hiyo hiyo na kitambi umeota." Halafu akalia. Mimi na mdomo wangu.

Jumanne, 1 Aprili

Shemeji yangu Odoyo, kaka yake Akumu, anahudumia wazee huko Kanada. Ametuma kwenye simu mwongozo wa wagonjwa, kurasa nyingi za Kiingereza, kuhusu dawa ya kichefuchefu na kukosa hamu ya chakula. Akaandika chini: "Shem, soma taratibu. Imetokana na bangi. Usishtuke."

Nimeshtuka.

Jumatano, 2 Aprili

Nimesoma siku nzima na kamusi. Nilichoelewa ni hiki. Katika mmea wa bangi mna kiini kinachogusa sehemu ya ubongo inayoamuru kutapika na ile inayoamuru njaa. Watu wa dawa wamekipima kiini hicho, wakakitia kwenye vidonge laini vyenye mafuta ya ufuta. Si kwa kila mtu. Ni kwa yule ambaye dawa za kawaida zimeshindwa kumsaidia. Hakiponyi saratani, kazi yake ni kumwezesha mgonjwa kula tu.

Halafu yanakuja ya kutisha: kizunguzungu, usingizi, mdomo kukauka, moyo kwenda mbio, akili kuchanganyikiwa, hasa kwa wazee. Sasa dawa ya kumtuliza mtu inamchanganyaje? Na mimi ambaye sijameza kitu mbona tayari?

Alhamisi, 3 Aprili

Nimemwambia Selina, naye kasema kwa nini tusichemshe majani ya bangi tu, Tarime yamejaa. Mjane, mlokole, muuza soda, na bado kasema hivyo. Wakati wa shida kila mtu ni mganga.

Jumatano, 9 Aprili

Dripu tena. Nilimvizia Daktari Masele kwenye korido nikamwonyesha simu. Nilitegemea anifukuze. Akasema dawa hiyo anaijua.

Nikamuuliza la majani. Akavua miwani. "Baba Zadok, ukichemsha majani hujui mgonjwa amepata kiasi gani. Leo kidogo, kesho kingi, keshokutwa yana ukungu na damu yake haina kinga. Na polisi hawatakuuliza kama ulikuwa unamsaidia mkweo. Usijaribu."

"Na vidonge, Odoyo akivileta kwenye begi?"

"Vilevile usijaribu. Nitaomba kibali kwa jina la mgonjwa. Kinaweza kutoka, kinaweza kisitoke."

Akauliza kama mama ana ugonjwa wa moyo, kama katika ukoo kuna aliyewahi kurukwa na akili, na kama ufuta humdhuru. Nilijisikia vibaya kwamba sijui lolote kati ya hayo. Miaka tisa ya ukwe na sijui kama mama anakula ufuta.

Ijumaa, 11 Aprili

Akumu amemweleza mama. Mimi nilikuwa nje ya pazia.

"Mimi niliyeshika ushemasi nile bangi?" mama akasema. "Nimewaona vijana wa kwetu ilivyowafanya."

Akumu akamwambia si ya kuvuta, ni kidonge, kimepimwa, na hata dawa kali ya maumivu anayopewa hospitali kiini chake asili yake ni ua.

 Mama akauliza, "Inafanya nini hasa?"

"Inaleta njaa, mama."

Nilidhani atafurahi. Nilisikia anavuta pumzi kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Basi mwambieni daktari afanye anavyoona," akasema. "Mimi nataka kupona."

Sikuelewa. Mtu gani anaogopa njaa kuliko kutapika?

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Uji vijiko viwili.

Jumanne, 22 Aprili

Kibali hakijatoka. Nimekatisha kukaanga samaki hapa nyumbani, nimebadilisha sufuria, nimemnunulia sahani mpya yenye maua. Akumu anasema kilichobaki ni kubadilisha mke. Sikucheka, naye hakuwa anatania sana.

Jumatano, 30 Aprili

Kimetoka! Kichupa kidogo cheupe. Daktari kasema kidonge kimoja saa moja kabla ya chakula cha mchana na kimoja kabla ya cha jioni, ainuke kitandani polepole, asiachwe peke yake siku za mwanzo, na kikae kwenye ubaridi. Kilo arobaini na moja. Dripu imewekwa, ila inayofuata ni tarehe ishirini na moja Mei, na uzito utaangaliwa kwanza.

Friji hatuna. Selina ameweka kichupa kwenye friji yake ya soda, nyuma ya chupa za chungwa, akasema, "Bwana Yesu anisamehe." Kila akija mteja, Selina anasimama mbele ya friji kuikinga kwa mwili.

Ijumaa, 2 Mei

Siku ngumu. Baada ya kidonge cha mchana mama aliinuka haraka, akayumba, Akumu akamdaka. Akasema sakafu inatikisika. Akaanza kumcheka kuku wa Selina aliyelowa, akacheka mpaka machozi, halafu akashika kifua akasema moyo unakwenda mbio. Nilisimama nje ya mlango bila kujua niingie au niheshimu. Nikachagua kuheshimu na nikajichukia. Nikampigia daktari. Kasema alazwe kitandani, anywe maji, cha mchana kiachwe, abaki na kimoja cha jioni.

Jioni alikuwa ametulia. Hakutapika. Wala hakula.

Jumapili, 4 Mei

Kizunguzungu kimepungua. Kutapika kumekoma kabisa. Sahani imerudi imejaa.

Jumanne, 6 Mei

Akumu anasema mama alimuuliza leo Selina anapika nini. Anapika nini Selina! Na kwetu kulikuwa na samaki wa kuchemsha na ndizi, vikarudi.

Alhamisi, 8 Mei

Nimeona jambo na sijamwambia Akumu. Jioni, kama saa moja hivi baada ya kidonge, mama alikuwa amesimama kwenye dirisha la uani, amefumba macho, ananusa sato anayekaangwa kwa Selina. Alikuwa anameza mate. Dakika hiyo hiyo kwenye kigoda nyuma yake kulikuwa na sahani yenye maua, imefunikwa, haijaguswa.

Mwongozo ulisema akili yaweza kuchanganyikiwa. Je, tumemharibu mama wa watu? Ametamani cha jirani na cha kwake hakioni. Nilirudi kwenye mashine nikafungua ile niliyokuwa nimeshaifunga.

Jumatatu, 12 Mei

Arobaini kamili.

Jumanne, 13 Mei

Najiambia: andika yote, Mihayo, usiruke.

Mvua ilianza adhuhuri, kubwa, na ikakaa. Jioni Akumu alitoka chumbani kwa mama na sahani imejaa, na mimi nikashindwa kujizuia. Nikasema kwa sauti iliyonizidi, "Vidonge hivi ni feki! Au mama yako anavitema. Mimi nimekesha na kamusi, daktari kahangaika na kibali, Selina anaficha bangi nyuma ya soda, na bado mtu anakufa njaa ndani ya nyumba yangu!"

 Kutoka nyuma ya pazia nikasikia, "Mkwe."

 "Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Vidonge usivilaumu. Navimeza. Njaa naisikia mpaka tumbo linaongea."

"Sasa mbona huli, mama?"

Alipandisha sauti ishinde mvua kwenye bati. 

"Wewe umewahi kula kwangu?"

Nilifikiri. Posa ilipelekwa kwa baba mdogo wa Akumu, kwa sababu mwaka ule mama alikuwa kwenye msiba wa mumewe na nyumba yake ilikuwa haipokei wageni. Ndoa ilifungwa Mwanza. Misiba na sherehe za kule tulifikia kwa baba mdogo. Nyumbani kwa mama nilisimama uani mara moja, nikanywa hata maji? Hapana, hata maji.

"Bado, mama."

"Kwetu mkwe hula kwanza kwa mama mkwe. Mama mwenyewe anapika, kwa jiko lake, anampakulia. Hapo mlango unafunguka, naye anaweza kula kwa mkwe. Kabla ya hapo, mama anayekula kwa mkwe amekula aibu ya binti yake. Mama yangu alilishika hilo, na mama yake."

Akumu alikuwa ameweka sahani sakafuni. "Lakini mama, wewe ni mtu wa kanisa! Siku ya harusi ulisema mila zimezikwa!"

"Kanisa liliniambia niache waganga na pombe. Hili hawakuniuliza."

"Na uji je? Uji si ulikuwa unakunywa?"

"Vijiko vya kumezea dawa. Hicho si chakula."

 Mafuta ya cherehani, chumvi, sahani yenye maua. "Mama, ungesema tu!"

"Mgeni aseme nini? Nikulishe wewe kwanza ndipo mimi nile? Nyumba yangu iko mbali, mikono haina nguvu." Sauti yake ikashuka. "Mwanzoni ilikuwa rahisi. Nilikuwa natapika, sina hamu, kila mtu anasema ni ugonjwa. Nikasema Mungu amenisitiri. Mkaniletea dawa ya njaa. Sasa sina pa kujificha, mkwe."

Akumu aliingia akamkumbatia. Mimi nilibaki nje na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilimkasirikia mama, na mama yake, na mama wa mama yake. Halafu nikamwonea huruma. Alikuwa radhi amezwe na saratani kuliko kumwaibisha binti yake mbele yangu, na mimi sijui hata kama aibu hiyo ningeiona.

Jumatano, 14 Mei

Nilitaka tumpakie kwenye gari kwenda Rorya kesho. Tukapita kwanza hospitali, Daktari Masele akakataa, damu iko chini. Akamwambia mama, mbele ya Akumu, ale hapa hapa, Mungu ataelewa. Mama akaitikia vizuri sana. Jioni sahani ikarudi.

Alhamisi, 15 Mei

Akumu amempigia shangazi Adongo, wifi wa mama, anayekaa jirani na nyumba yake kule kijijini. Shangazi hata hakufikiri. Kasema, "Nyumba ya mwanamke ni mafiga yake. Kama mama haji kwenye mafiga, mafiga yaende kwa mama."

Nimemuuliza Akumu kama hilo ni la mila au shangazi amelitunga leo. Akasema hajui na hataki kujua.

Ijumaa, 16 Mei

Nimelipa nauli ya mawe. Stendi ya Nyamhongolo, kondakta wa basi kanikabidhi kiroba chenye mafiga matatu, meusi ya masizi, na sufuria ya mama, na mwiko wake. Akaniuliza, "Mwanza yote hii yenye miamba, mzee, umekosa mawe?" Nikakitwika kiroba.

Jumamosi, 17 Mei

Sabato, hakuna kupika. Kesho. Kwangu mama hawezi kunipikia, basi Selina ametoa jiko lake la uani, amelifagia mwenyewe, na ametoa kuku wake, yule yule aliyechekwa. Nimemwambia nitamlipa, kasema nisimtukane.

Jumapili, 18 Mei

Mama alimeza kidonge asubuhi badala ya jioni, kwa ruhusa ya daktari. Akakaa kitako saa nzima. Kisha akainuka polepole, akashika mkono wa Akumu, akavuka uani hadi jikoni kwa Selina, kwenye mafiga yake ya Rorya.

Niliambiwa nikae kwangu mpaka niitwe. Nikaoga. Nikavaa shati la kanisani. Nikasikia kuni zikipasuliwa, nikasikia mama anakataa kusaidiwa. Mara moja nikasikia anatapika, Akumu anasema, "Mama, acha, nimalizie mimi," na mama, "Toka kwenye jiko langu." Baadaye kimya, halafu harufu ya kuku na kitunguu, na manyunyu.

Nikaitwa kama saa saba. Nilibisha hodi kwenye mlango ninaoupita kila siku kufuata vidonge. "Karibu, mkwe," akasema.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa pili, ameinamisha uso, kitenge kimemzidi mabega. Ndimu iliyokatwa ilikuwa mkononi mwake, alikuwa akiinusa. Kwangu kulikuwa na kiti, na meza ndogo, na ugali, na bakuli la kuku. Akumu alininawisha. 

Nilimega ugali. Niliona vile vidole vyake, mifupa mitupu, vilivyoshika kisu na kuni tangu asubuhi kwa ajili yangu mtu mwenye kitambi. Nilikula matonge mawili na chozi likaingia kwenye mchuzi. Nikasimamisha mkono. 

Mama aliinua uso. Ndiyo mara ya kwanza kutazamana naye machoni.

"Hujala firigisi," akasema.

"Nakula, mama. Inanibidi nipumue kwanza."

"Utapumua baadaye. Maliza, mkwe wangu. Maliza upesi." Akaweka ndimu chini. "Nina njaa."

Nikaichukua firigisi nzima nikaitia mdomoni.